Bomba Katikati ya Uwanja

"Shemeji, hiyo ramani unayoichora, na kibanda changu kitaonekana humo?"

Aliyeuliza ni fundi cherehani, jirani wa mlango wa pili, pini kazibana mdomoni. Mama Pacha akacheka. "Kibanda kitaonekana. Wewe mwenyewe hutaonekana, maana huna bomba."

Alikuwa anachora mabomba ya maji ya mtaa mzima. Chuoni kwao kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alitakiwa kutengeneza ramani yake kwa kompyuta, na asiye na ramani hapewi cheti. Cheti hicho Mama Pacha alikihangaikia tangu pacha wake wachanga, huyu ananyonya, yule analia, kitabu kiko gotini. Basi alizunguka na simu mkononi, kila penye bomba anasimama na kubonyeza ili simu ishike mahali pale. Wenye nyumba wengine walimfungia milango wakidhani kaja kuwakatia maji. Siku moja mbwa alimtoa mbio kabla hajabonyeza. Alipopata pumzi alijikuta katikati ya uwanja wa mpira wa shule, na hapo hapo kidole kikabonyeza. Akasema atakuja kulisogeza bomba hilo. Mambo yakawa mengi, akasahau.

Wifi yake, dada wa mumewe, alisoma naye darasa moja. Waliishi nyumba moja, kompyuta yao moja, na walipendana hasa, wakiazimana viatu na kusukana nywele barazani. Kazi ya kuzunguka mitaani wifi hakuigusa. Leo kichwa, kesho mgongo. Mama Pacha hakumsema. Kwenye kompyuta Mungu alimjalia wifi vidole vyepesi, na ndiye aliyempangia mafaili yake: tabaka ya mabomba na faili lake, tabaka ya barabara na lake, tabaka ya nyumba na lake, zote ndani ya folda moja.

Jioni ya kuamkia siku ya kuonyesha kazi, Mama Pacha alichomeka flashi.

"Wifi, hili faili la ramani peke yake linatosha?"

Wifi alikuwa anakunja nguo. Akaja, akainama, akakitazama kioo vizuri. "Linatosha, wifi. Kila kitu kimo humo."

Hakikuwamo. Faili lile ni kama mtu anayezijua nyumba za watu wote. Ukimwita atakuelekeza wanakokaa, ila hao watu hakuja nao. Tabaka zenyewe hubaki kwenye folda, na anayehama huhama na folda nzima. Siku mwalimu alipofundisha hilo Mama Pacha alikuwa hospitali na mtoto mwenye homa. Wifi alikuwa darasani.

Asubuhi alisimama mbele ya wenzake, akafungua. Ukurasa ukaja mweupe. Pembeni majina ya tabaka yalikuwepo, kila moja na alama nyekundu, na programu inamuuliza ziko wapi.

"Ramani yenyewe iko wapi, mama?" mwalimu akauliza.

"Jana ilikuwepo, mwalimu."

Akarudi kukaa, masikio yanamwaka moto. Ikafuata zamu ya wifi. Ramani ikafunguka ukutani, mabomba yamepakwa rangi ya zambarau, jina la wifi limekaa chini kwa herufi nene.

"Na hili bomba la katikati ya uwanja?" mwalimu akauliza.

"La kunyweshea magolikipa!" mmoja akadakia, darasa likaangua kicheko.

Wifi naye akacheka. "Nililikuta hapo hapo, mwalimu."

Mama Pacha hakucheka. Mwalimu akampa mpaka Jumatatu alete ramani, la sivyo arudie mwaka.

Nyumbani aliifungua kompyuta. Folda yake ilikuwa tupu. Tabaka zake alizikuta kwenye folda ya wifi, zimebadilishwa majina, bomba la mbwa likiwemo. Kuzinakili lilikuwa jambo dogo. Lakini akizipeleka Jumatatu, nani ataonekana mwizi, wa kwanza au wa pili?

"Mbona umenuna, wifi?" wifi akasema, hamtazami usoni. "Ningefeli mimi. Wewe una akili, utachora nyingine."

"Ulisema linatosha."

"Basi ndiyo uniue?"

Mama mkwe akaingia kati, tasbihi mkononi. "Mwanangu, haya ni ya ndani. Msamehe mwenzio, yaishie hapa hapa."

Mama Pacha akamgeukia mumewe. Mume alikuwa anafunga kamba za viatu, na kamba zile hazikuisha kufungwa. Hapo ndipo alipoona kwamba nyumba nzima imekwisha kuamua, na yeye hakuitwa.

Akakaa kitako mkekani. Machozi yalikuja, akayaacha yapite yenyewe. Alipomaliza alijifuta kwa upindo wa kanga, akasema taratibu, kama anayeagiza chumvi:

"Mama, kusamehe nitasamehe, Mungu ni shahidi. Ila naomba jambo moja. Wifi, Jumatatu twende wote kwa mwalimu, na wewe ndiye uanze kusema."