Uzio wa Clive

Tangu Oktoba, Bi Enid Thackray alikuwa akimwomba jirani yake Clive kitu kimoja tu: apunguze uzio wake wa miti ya miiba. Ulikuwa umerefuka mpaka ukaziba dirisha la sebuleni, na chini ya dirisha hilo alilala mumewe Wilf, ambaye hakuwa ametembea tangu alipopooza. Ng'ambo ya uzio kulikuwa na mteremko unaofunikwa na maua ya njano ya porini kila Machi. Wilf hakuwahi kukosa kuyaona. Na daktari hakuficha: baada ya Machi ijayo, nyingine si ya kutegemea.

Oktoba Clive alisema ndege bado wanakula matunda ya uzio. Desemba, baridi. Januari, mashine mbovu. Februari, mgongo.

"Mgongo huo nimeuona baa, umenyooka kama ngazi," Bi Enid aliniambia. Mimi ni mpangaji wake wa chumba cha juu.

Jumamosi ya pili ya Machi Clive akaja, akawasha mashine. Wakati uleule jike la ndege aitwaye "mweusi", ingawa jike lenyewe ni la kahawia, likapita na nyasi kavu mdomoni, likazama ndani ya uzio. Likatoka mdomo mtupu. Likarudi na nyasi nyingine.

Clive alikuwa amempa ndege huyo mgongo. Bi Enid, niliyesimama naye uani, aliona. Alisimama amekunja ngumi, na kwa muda nilidhani angemwacha akate.

"Zima!"

"Nini tena?"

"Kuna ndege anajenga."

Kijijini kwetu, ndege akishaanza kujenga, uzio haukatwi mpaka Agosti.

"Mama, miezi mitano unanipigia kelele. Hata yai hajataga! Mimi sijaona kitu."

"Mimi nimeona, mjinga wewe! Ungekuja Januari angejenga kwingine!"

Wilf akagonga kioo. "Mbona mashine kimya huko?"

"Mpaka Agosti!" mkewe akafoka.

Nikajikakamua kusema kwamba mteremko unaonekana kutoka chumbani kwangu. Bi Enid alinigeukia, kisha akamgeukia Clive, akamtazama mabegani.

"Ngazi kumi na nne," akasema.

"Lakini mgongo wangu..."

"Huohuo."

Clive alimbeba Wilf akihema kila ngazi, Wilf akimhimiza kama farasi. Tukaondoa vitabu vyangu kitandani, tukamkalisha dirishani. Aliyatazama maua, midomo ikihesabu.

"Machache mwaka huu," akanung'unika. "Haya. Nishusheni."

Clive alikuwa ameketi sakafuni, ameshika kiuno, machozi yakimlenga. Safari hii hakuwa akiigiza.

Bi Enid aliwatazama wote wawili, akafumba macho.

"Utashuka Agosti," akamwambia mumewe, akaenda kuweka maji ya chai jikoni, akibamiza kila mlango.