Kilo Nane Nilizomwandikia Shamimu

Jamani, kosa ni langu, simsingizii mtu. Jina nalificha kwa sababu ya aibu, lakini nikizidi kukaa na jambo hili moyoni litaniua.

Nilikuwa najitolea kliniki ya watoto, zahanati moja huku Temeke. Kazi yangu ilikuwa kupima uzito. Mama anamvua mtoto nguo, tunamning'iniza kwenye mizani, nasoma, naandika kwenye kadi. Foleni hadi getini, watoto wanalia, joto! Nikajitungia njia ya mkato: pointi naziondoa. Ile hesabu ya shule ya msingi ya kukadiria, nusu na kuendelea unapandisha, chini ya nusu unashusha. Najiona mjanja kweli!

Kulikuwa na Mama Shamimu, mtu wa Lindi, kaolewa huku. Mpole, ananiita anti ingawa tunalingana umri. Mwezi wa kwanza mwanawe alikuwa na kilo nane pointi nne. Nikaandika nane. Mwezi uliofuata, saba pointi tisa. Nane. Wa tatu, saba na nusu. Nane tena!

Kanuni sikuivunja hata mara moja. Mtoto kapungua karibu kilo nzima, kadi inasema yuko palepale.

Siku ya kipimo hicho cha tatu mama yake aliniuliza, "Anti, mbona nguo zinampwaya?"

"Huyo anachangamka tu, anataka kutembea. Kilo zake zilezile."

Akacheka, akamfunga mgongoni, akaenda zake. Aliniamini!

Hazikupita wiki mbili, Shamimu akaanza kuharisha, akalegea, wakamkimbiza hospitali. Nilikwenda kumjulia hali. Nikamkuta daktari kashika ile kadi, baba wa mtoto na bibi yake wamesimama kando ya kitanda.

"Hapa tumepata sita pointi nane," daktari alisema. "Juzi tu alikuwa nane kamili. Mama, ulikuwa unamlisha nini? Ulikuwa unamwacha na nani?"

Mama Shamimu akanigeukia. "Anti, waambie. Si wewe ndiye uliyempima?"

Pointi zote zilinijia kichwani, moja baada ya nyingine. Nikafungua mdomo.

"Nilimpima. Alikuwa nane."

Mungu wangu! Mdomo wangu huuhuu!

Bibi, mama mkwe wake, akadakia, "Si nilisema mie? Anashinda vibarazani, mtoto hashibi! Muuaji huyu!"

Shamimu alipona, alhamdulillahi. Ila mama yake hakupata wa kumsikiliza. Siku walipotoka wodini mtoto alibebwa na bibi, mama akapandishwa basi la Lindi. Eti akapumzike.

Nilikaa kimya mwezi mzima. Mwishowe nikaenda kwa mumewe, nikamweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho, hakupandisha hata sauti.

"Dada, siku ile nilikuwa nakuangalia wewe," alisema. "Neno lako moja lingetosha."

Alimfuata mkewe Lindi, akarudi peke yake. Mwanamke kasema nyumba iliyomwita muuaji hatoikanyaga, mtoto atamdai kisheria. Na mie nilimweleza mkuu wa zahanati ukweli, akaniondoa siku hiyohiyo. Sikumlaumu.

Ndugu zangu, wewe unayepima mtoto, unayepima dawa, unayepima chochote kinachobeba uhai wa mtu, andika ulichokisoma. Gramu unazoziona takataka ndizo zinazopiga kelele! Na ukikosea, sema palepale, mbele ya anayelaumiwa. Usingoje mwezi kama mie.

Juzi nilipita karibu na kwao. Shamimu kaanza kusema. Neno "mama" analijua, anamwita nalo bibi yake.