Mama mkwe na lundo langu la majani

Jamani, leo mama mkwe kanisaidia kazi.

Wiki tatu nzima nakusanya majani ya mtiki yanayodondoka uani. Nimeyapanga na samadi, nimemwagia maji, nimechomeka fimbo katikati ya kupimia joto. Nataka mboji ya mchicha wangu.

Asubuhi baridi ya mlimani imeshuka, lundo likawa linafuka mvuke. Nikaenda kununua maandazi.

Narudi, nakuta moto!

Mama mkwe, mgeni wangu kutoka Mkuyuni, kasimama pembeni na kidumu cha mafuta ya taa.

"Mwanangu, moto wako ulikuwa unafuka tu, haushiki. Nimekuwashia."

"Asante mama. Pole na kazi."

(Nyie mngesema nini?)

Tukauzima. Juu majivu, ndani hata jani moja halijaungua. Nikachomoa fimbo, nikampa.

Kaishika. Kaiachia haraka. Kaishika tena.

"Huku ndani kawasha nani?"

"Hakuna mtu, mama. Majani yenyewe yakioza yanachemka."

Akachukua ufagio na gunia, akatoka.

Sasa hivi namsikia ng'ambo ya ukuta, anamfokea jirani yangu:

"We mama, usichome hayo majani!"