Degedege la Kadogo

Miaka ile biashara ilipofunguliwa na mitumba ikamwagika Mbinga mpaka karibu na ngazi za kanisa, Otilia, fundi cherehani pale sokoni, alinunua koti la mtoto ili akalipunguze. Mfukoni akakuta kigemu cha mkononi, kaseti ya mchezo ikiwa ndani yake. Alipokiwasha aliona misitu, mito na wanyama wa ajabu wa kukamata, kufuga na kupiganisha. Maandishi yote yalikuwa ya Kijapani. Otilia alikaa chini, akamshukuru Mungu kwa sauti. Nchi nzima, na inaenea kiganjani!

Hakuna aliyemfundisha. Alijifunza kwa kidole gumba, kati ya pindo na pindo, na mteja mwenye haraka shauri yake. Mnyama wake wa kwanza, mwenye sura ya kinyonga na masikio ya sungura, alimwita Kadogo.

Kadogo alikuwa na tatizo moja. Kila akishinda pambano alianza kuwaka na kuzima, mwili mzima ukitetemeka, na Otilia, roho mkononi, alibonyeza kitufe mpaka atulie. Alijua anachokiona. Binti yake wa kwanza, Luisa, alimfia mgongoni kwa degedege, wakiwa njiani kupanda hospitali ya Litembo. Mpaka leo mji mzima unamwita Mama Luisa.

"Huyu mgonjwa," aliwaambia watazamaji wake, "lakini kwangu hafi."

Watazamaji wenyewe ni Sixtus, fundi viatu, na Hilaria, muuza usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, majirani zake wa kibanda kwa kibanda. Miaka ikapita, kisha siku moja akaja mwalimu Clemence, mtu wa Moshi, kutoka likizo, na kaseti ya toleo jipya la mchezo uleule, akawaonyesha. Alikuwa amehamishiwa Chiwanda, na kabla ya kuondoka Jumamosi alitaka wabadilishane. Yeye achukue ya zamani, aliyoichezea ujanani, Otilia abaki na mpya. Ila Kadogo anaishi ndani ya kaseti ya zamani. Ikienda, naye ameenda.

Sokoni pakachafuka.

"Chukua, Mama Luisa!" Sixtus alisema. "Rangi kama vitenge! Wanyama wanakufuata nyuma kama mbuzi!"

Hilaria akasonya. "Wameuharibu. Kila hatua maelezo, bado kukufundisha kupumua tu. Ule wa kwanza ulikuacha utafute mwenyewe. Na Kadogo je?"

"Si mgonjwa kila siku?"

"Kwa hiyo mgonjwa anatupwa?"

Wakanuniana kama wake wenza, na viatu vya watu vikabaki bila visigino.

Jumamosi asubuhi mwalimu alipita, mizigo yake ikiwa tayari kwenye gari. "Shikamoo, mama. Hebu ujaribu kwanza." Otilia akaujaribu. Lo, maji ya humo yalimeta kama ziwa la Mbamba Bay jua likiwa utosini! Mara akatokea kinyonga yuleyule mwenye masikio, akashinda, akaanza kutetemeka. Kidole cha Otilia kikakimbilia kitufe.

"Mama, mbona unamkatiza?"

"Ana degedege."

"Hapana, mama. Imeandikwa hapa kwa Kiingereza. Anakua."

Otilia akakitazama kidole chake gumba, kilichomkatiza Kadogo miaka yote hiyo.

Akairudisha kaseti ya zamani, akapiga pambano moja. Kadogo akaanza kuwaka na kuzima. Otilia aliogopa, tena sana. Akakiweka kigemu kwenye meza ya cherehani, akaikalia mikono yake yote miwili. Kioo kikawa cheupe, kikakaa cheupe muda mrefu mno.

Kisha akasimama mnyama mkubwa, manyoya tele shingoni, mabawa yakigusa kingo zote za kioo, akanguruma kwa sauti iliyowazidi hata wapiga debe. Sixtus akavua kofia. Otilia alilia waziwazi, mbele ya wateja.

Honi ikalia barabarani. Mwalimu akauliza taratibu, "Mama, sasa tubadilishane?"

"Nenda salama, mwalimu," Otilia alisema, macho hayabanduki kiooni. "Mwanangu ndiyo kwanza amepona."