Mikwaju Niliyompa Ndugu

Sogea karibu, msomaji, nikueleze handikapu. Si ngumu kama watu wanavyokutisha. Kwenye kiwanja chetu cha gofu, mchezaji hodari alikuwa akimaliza mashimo kumi na manane kwa mikwaju sabini na miwili, na mwenye michache ndiye mshindi. Wewe ukizoea kupiga tisini, umezidi kumi na minane. Hiyo ndiyo handikapu yako: siku ya mashindano unapunguziwa kumi na minane, ili mnyonge na hodari washindane sawa.

Ndivyo nilivyomweleza jirani yangu wa Temeke, miaka ile tulipoitana ndugu tukimaanisha. Tulifanya kazi shirika moja la umma, na kiwanja kilichokuwa cha wazungu kilikuwa kimefunguliwa kwetu.

"Kumbe ni Ujamaa mtupu!" akacheka. "Mwenye nguvu anambeba mnyonge."

Nikafurahi. Kaelewa upesi.

Uani tulifukia kopo la samli, jioni tukawa tunasukumia mpira humo. Mkewe alitucheka: "Nyie watu wazima, mnacheza gololi?" Mumewe hakulikosa lile kopo. Muda si mrefu tukawa tunalingana.

Kisha likatangazwa shindano. Mshindi mmoja angekwenda Moshi kuwakilisha Dar es Salaam. Mie sikuwahi kuchaguliwa kwa lolote, nikaitamani safari ile kama mtoto anavyotamani Idi. Handikapu zingepimwa upya kwa wastani wa kadi zetu za karibuni za kuandikia mikwaju, na kadi ya mtu hutiwa sahihi na mwenzake. Yake niliitia mimi. Kila shimo mpira wake ulipita pembeni, hata wa karibu kabisa.

"Pole ndugu, mkono utarudi."

"Labda macho, ndugu yangu."

Handikapu yake ikapanda hadi ishirini na nane. Siku ya shindano nilicheza kuliko siku zote: themanini na minane, toa kumi na minane, sabini. Yeye alipiga themanini na sita, toa ishirini na minane. Hesabu unaiona. Shimo la mwisho aliusukuma mpira kutoka mbali, ukaingia kama kwenye kopo letu.

"Leo mkono umerudi!" akanikonyeza. "Si ulisema mnyonge abebwe? Umenibeba, ndugu."

Akaenda Moshi. Mimi nikalifukua kopo. Niliendelea kumwita ndugu, kwa kuwa kila mtu aliitwa hivyo.

Basi siku ukipewa kadi ya mwenzako, usihesabu mikwaju tu, mtazame anavyopiga. Akikosa mpira ambao nyumbani haukosi, mrudishie kadi bila sahihi.