Filimbi ya Elia Ndani ya Ndoo ya Savage

Kibaya kuliko vyote kilinipata Savage, mji mmoja wa huku ughaibuni, ndani ya ukumbi ulio karibu na mto, nilipoliona ganda langu la risasi likitoka mkononi mwa mzee wa Kizungu na kuanguka kling! ndani ya ndoo iliyojaa maganda mengine. Risasi iliyotoka katika ganda lile ndiyo iliyomwua mume wangu, Elia. Nililiokota pale alipoanguka, nikavuka nalo mipaka miwili likiwa limeshonwa kwenye pindo la kitenge. Sasa limelala na mamia ya ndugu zake, na mzee anatabasamu, ananiambia "tenkyu, tenkyu".

Sasa niwarudishe nyuma, ninyi wa nyumbani na ninyi mliobaki kambini, mjue nilifikaje kwenye ndoo hiyo.

Mnamkumbuka Lukanda, tajiri wa chumvi. Wote tuliliona kamio lake, lori la chumvi, likishusha masanduku ya risasi kwa Kamanda Mutoka, na Mutoka ndiye aliyekuja kutupiga risasi. Kwenye mkutano wa upatanisho Lukanda hakukana kuyabeba. Alisimama mbele ya wachungaji akaapa kwamba ni vyuma vya kale, masalio ya vita vya babu zetu, ameviokota porini. Hakuna aliyenunua, hakuna aliyeuza. Wachungaji wakasema amina. Mimi sikusema amina, na tangu siku ile nilitaka mtu mmoja anayejua risasi anijibu: ni za kale kweli?

Frogtown, mtaa ninaokaa, asubuhi. Wanjiru, Mkenya tunayefanya naye kazi ya kutunza wazee, akaja kunichukua na gari lake. Ana mzee wake mmoja, Gordi, anayekusanya risasi za vita vya zamani kama wengine wanavyokusanya vikombe vya maua. Siku hiyo wenzake Gordi walikuwa na mkutano wao, naye akasema nije nalo ganda langu.

"Mama Furaha, umebeba hiyo kitu?"

"Nimebeba."

"Na usiipulize kwa gari yangu, haki! Nita-crash!"

Maana ganda lile ni filimbi. Kambini hatukuwa na filimbi ya kwaya, na kwaya ya kwetu haianzi bila filimbi. Nani ataiambia miguu igeuke? Elia ndiye alikuwa kiongozi wetu. Basi shemasi akalisaga ganda mdomo wake juu ya jiwe mpaka likatoa sauti nyembamba, kali, ya kuchoma sikio, nikasema: liongoze badala yake.

Lakeville, kwa Gordi. Nyumba zote sura moja. Wanjiru anafika huko kila juma, na bado aligonga kwa jirani! Gordi akatoka na kigari chake cha kutembelea, kofia imejaa vibati vya picha za risasi, akala mandazi yangu matatu kabla hatujafika barabarani. "Nikifa," akasema, Wanjiru akitafsiri, "mnizike na huyu mama." Nikamwambia nimeshazika mume, sina nguvu ya wa pili. Alicheka mpaka akakohoa.

Savage, kabla ya saa sita. Ndugu zangu, mngeona! Meza na meza za risasi, zimelala juu ya pamba kama mayai ya kuku. Wanaume wazima wanazitazama kwa vioo vya kukuzia, wananong'ona kama wako kwa mtoto mchanga. Mmoja alinizuia nisiguse kwa kidole kitupu, ati jasho linaiumiza. Linaiumiza risasi! Nilicheka, Wanjiru akanifinya. Mimi risasi zilinifuata mpaka ndani. Hawa wanazifuata wenyewe, tena kwa petroli yao.

Gordi akataka kwenda chooni, Wanjiru akampeleka. Nikabaki na rafiki yake, Deli, mwenye ndevu mpaka tumboni. Nikapiga goti kidogo, nikampa ganda alikague, kwa mikono miwili, kama unavyompa mzee chochote kwetu, hata maji ya kunywa. Kwake yeye, mikono miwili na goti ni zawadi! Akainama, akashukuru, akalitupa kwenye ndoo ya maganda ya bure, ya watoto kuchezea.

Nikapiga yowe la msiba. Na hapo, wale wenye risasi meza nzima, nusu yao waliingia chini ya meza.

Wanjiru akaja mbio. "Ni nini? Ni nini?" Nikamwonyesha ndoo. Aliposikia akawageukia kwa Kiingereza: "You guys, hiyo ni ya bwana yake! Alikufa!" Deli akawa mwekundu mpaka masikioni. Akaimwaga ndoo sakafuni, akapiga magoti. Lakini utalijuaje ganda moja kati ya mamia?

"Linalia," nikasema. "Pulizeni."

Wakapuliza! Wazee wote chini, matako juu, kila mmoja na ganda mdomoni. Fyuu, fyoo, pff. Gordi kwenye kiti chake alitoa mate tu. Nilikuwa nalia na kucheka, sijui kipi kilitangulia. Mara, ndani ya ndevu za Deli, ikatoka ile sauti nyembamba, na miguu yangu ikageuka kushoto yenyewe. Nikacheza. Wanjiru akaingia nyuma yangu, Deli akapuliza tena, na Wazungu wale wakageuka kulia wakati sisi tuko kushoto, wakagongana. Elia angewafukuza kwaya wote.

Tulipotulia, Deli akaweka kioo kwenye kitako cha ganda. Kuna namba pale. Mimi siku zote nilidhani ni namba ya dukani. "Hii ya juu ni kiwanda," akasema, Wanjiru akitafsiri. "Hii ya chini ni mwaka." Akanirudishia, kwa mikono miwili. "Samahani, mama. Sisi hii hatuiweki mezani. Ni mpya mno."

Nikahesabu kwa vidole. Lilitengenezwa mwaka mmoja tu kabla Elia hajafa.

Njiani kurudi Wanjiru aliniachia nipulize ndani ya gari. Nilipuliza tangu Savage mpaka Frogtown, na hakugonga mtu.

Basi hilo ndilo nililojifunza, na nalituma kwako, Lukanda. Kitu kipya hakiokotwi porini ndani ya masanduku. Mtu alikiagiza, mtu alikilipia, na wewe ulikipakia chini ya chumvi yako. Wachungaji walewale wako hai. Jumapili nitapiga simu kanisani wakiwa wamekaa, na simu iwekwe mbele ya watu wote. Nitapuliza filimbi ya Elia, halafu nitanyamaza. Usimame, Lukanda, useme: nani alikutuma?