Gunia la Kiti cha Nyuma

Betri fundi anazigusa kwa mgongo wa mkono, moja baada ya nyingine, kama mtu anayepima homa ya mtoto; iliyopoa anaiacha, inayochemka anaing'oa kwa vidole vilivyoliwa na asidi. Magari haya, ambayo wenyewe waliyatoa injini uani kwao wakayatia mota ya umeme, humfikia kambini Nakivale yakiwa yamekufa kabisa. Fundi haahidi kwamba yatapona. Husema tu, "Tutaona ku mulima."

Emery, mchuuzi wa sabuni, alilinunua lake mtaa wa Ruti, mjini Mbarara, kwa wauza vyuma chakavu. Siku ya kulijaribu alishangaa kumwona fundi akilaza gunia la mahindi kwenye kiti cha nyuma. Alilifunga mkanda, akaliwekea mto upande wa kichwa, akalifunika kitenge kilichopauka. Emery akataka kulisogeza apate pa kukaa.

"Kaa mbele, papa," fundi alimwambia bila kuinua sauti. "Ile fasi iko na mutu."

Gari likaenda kimya hadi mlima wa kabla ya Kabingo. Hapo fundi akaanza kuomba chinichini, jasho likimtiririka, macho hayabanduki kwenye kioo cha nyuma. Likapanda. Kule juu, barabara ya kwenda hospitali Mbarara inapoanza kunyooka, alisimamisha gari, akashuka, akafungua mlango wa nyuma na kulitengenezea lile gunia kitenge, kile cha marehemu mkewe, taratibu.

"Umeona, mama Sonia?" akaliambia. "Leo imepanda."